Soko la wachezaji wa besiboli: Nani hununua kwa akili?

KLABU ya New York Mets iliingia katika msimu wa mwaka 2023 ikiwa na mzigo wa mishahara uliokuwa haujapata kuonekana katika besiboli ya Marekani, dola zipatazo milioni 350. Warushaji wake wawili mashuhuri, Max Scherzer na Justin Verlander, walikuwa wakilipwa dola milioni 43.3 kila mmoja kwa mwaka. Wa kwanza alikuwa na umri wa miaka 38 msimu ulipoanza, na wa pili alikuwa ametimiza 40. Kabla ya siku ya pili ya Agosti wote wawili walikuwa wamekwisha kupelekwa klabu nyingine kwa kubadilishana na vijana, huku Mets ikiendelea kulipa sehemu kubwa ya mishahara yao huko walikokwenda. Hesabu zilipofungwa, klabu hiyo ilikuwa imeshinda michezo 75 na kupoteza 87.

Mwaka huohuo Tampa Bay Rays, iliyoanza msimu kwa mishahara isiyofika dola milioni 100, ilishinda michezo 99.

Hadithi hii ingekuwa tamu kwa wanyonge kama ingeishia hapo. Lakini Rays ilipoingia katika mchujo ilitolewa mara moja, michezo miwili kwa sifuri, na Texas Rangers ambayo ilikuwa na ushindi 90 tu. Rangers hao ndio waliotwaa kombe. Nao hawakuwa maskini hata kidogo: mwaka 2021 walipoteza michezo 102, na mwisho wa mwaka huo wakafungua mkoba na kuwasajili Corey Seager kwa dola milioni 325 za miaka 10 na Marcus Semien kwa dola milioni 175 za miaka 7. Seager ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa fainali ya 2023.

Wengi wanaosimulia mambo haya huzigawa klabu katika makundi mawili, zenye fedha na zenye akili. Mgawanyo huo haumsaidii mtu mwenye mtaji mdogo anayetaka kujifunza kitu. Zipo klabu zenye fedha ambazo zina akili, na zipo klabu maskini zinazoficha uvivu wao nyuma ya umaskini. Linalofaa kuangaliwa ni bei iliyolipwa, wakati wa kununua na wakati wa kuuza.

Soko la wachezaji wa besiboli lina kanuni ambazo ndizo zinazoumba bei zote. Kijana akishaingia katika ligi kuu, klabu yake humshikilia kwa miaka sita. Miaka mitatu ya mwanzo hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Miaka mitatu inayofuata mshahara hupanda kwa njia ya usuluhishi, lakini bado huwa chini ya bei ya soko. Ni baada ya hapo tu mchezaji huwa huru kuuza huduma yake kwa anayetoa dau kubwa. Sasa basi, mchezaji wa kawaida hufikia mnada huo akiwa na miaka 28, 29 au 30, na wachezaji wengi huwa katika ubora wao wa juu kabisa kati ya miaka 26 na 29. Kwa maneno mengine, mali huachiwa sokoni wakati ambapo imekwisha kutoa mazao yake mazuri kwa mwenye kwanza, na mnunuzi hulipia mavuno ya msimu uliopita.

Hakuna kikomo cha mishahara katika ligi hiyo. Ipo kodi tu kwa klabu inayopita kiwango fulani, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 241. Matajiri huilipa na kuendelea.

Klabu iliyoleta mjadala huu mbele ya watu wote ni Oakland Athletics ya mwaka 2002, chini ya meneja mkuu Billy Beane. Habari zake ziliandikwa katika kitabu cha Michael Lewis kilichoitwa Moneyball mwaka 2003 na baadaye zikatengenezewa filamu. Mwisho wa mwaka 2001 Oakland ilipoteza wachezaji watatu muhimu kwa wakati mmoja. Jason Giambi alikwenda New York Yankees kwa dola milioni 120 za miaka 7, Johnny Damon akaenda Boston na Jason Isringhausen akaenda St. Louis. Oakland ilikuwa na mishahara ya dola milioni 40 hivi, na Yankees dola zipatazo milioni 125. Msimu ulipokwisha kila moja ilikuwa imeshinda michezo 103. Akipiga hesabu, msomaji ataona kwamba kila ushindi uligharimu Oakland karibu dola laki 4, na Yankees dola milioni 1.2.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu, inatosha kujua kwamba upande unaopiga mpira huendelea kupiga hadi wapigaji wake watatu watolewe. Kwa hiyo mpigaji asiyetolewa kwa urahisi ni mali, hata kama hapigi mipira ya kushangiliwa. Mrushaji akimrushia mipira minne mibaya, mpigaji huyo hutembea bure hadi kituo cha kwanza. Miaka ile soko liliwalipa vizuri wapigaji wa nguvu na wenye mbio, na likawadharau wenye subira ya kungojea mipira minne mibaya. Oakland iliwanunua hao waliodharauliwa. Mmoja wao, Scott Hatteberg, alikuwa mdakaji aliyeharibika neva za kiwiko asiweze tena kurusha mpira kama zamani. Alisajiliwa kwa dola 900,000 na kufundishwa kulinda kituo cha kwanza. Tarehe 4 Septemba 2002 ndiye aliyepiga mpira uliotoka nje ya uwanja na kuipa Oakland ushindi wa 20 mfululizo.

Beane mwenyewe alikuwa na sababu ya kutoamini macho ya wapelelezi wa vipaji. Mwaka 1980 Mets walimchagua katika raundi ya kwanza kwa sababu ya umbo lake na kasi yake, na kila aliyemwona alidhani nyota imezaliwa. Hakufika popote kama mchezaji.

Hata hivyo, sehemu hii ya hadithi imekuzwa kupita kiasi, na wafanyabiashara wengi waliojifunza kwayo walijifunza nusu. Oakland haikushinda michezo 103 kwa ajili ya Hatteberg na wenzake peke yao. Ilikuwa na warushaji watatu bora, Tim Hudson, Mark Mulder na Barry Zito, wote waliochaguliwa wakiwa vijana na kulelewa na klabu yenyewe. Ilikuwa na Miguel Tejada, kijana wa Jamhuri ya Dominika. Mwaka huohuo wa 2002 Tejada alipewa tuzo ya mchezaji bora wa ligi yake na Zito tuzo ya mrushaji bora. Wote hao walikuwa bado ndani ya ile miaka sita ya mishahara midogo. Mali rahisi ya kweli ilikuwa ghalani tangu zamani. Hatteberg alikuwa nyongeza ya busara.

Kilichompata Zito baadaye chafaa kukumbukwa na kila anayenunua kwa kuangalia sifa za jana. Desemba 2006, akiwa mchezaji huru, San Francisco Giants walimpa dola milioni 126 kwa miaka 7. Katika miaka yote hiyo alipoteza michezo mingi kuliko aliyoshinda. Ni kweli kwamba mwaka 2012 alishinda michezo miwili mizito katika mchujo na fainali na klabu ikachukua kombe, na mashabiki wa huko walimsamehe. Mhasibu atasamehe kwa shida zaidi.

Jambo la pili linalosahauliwa ni jinsi punguzo lile la Oakland lilivyokwisha upesi. Boston Red Sox walijaribu kumwajiri Beane mwenyewe mwishoni mwa 2002. Alipokataa, wakamchukua Theo Epstein, kijana wa miaka 28, na wakatumia mbinu zilezile wakiwa na mkoba mnene zaidi. Mwaka 2004 Boston ilichukua kombe ambalo haikulipata tangu 1918. Epstein alihamia Chicago Cubs mwaka 2011, na Cubs wakatwaa kombe mwaka 2016, mara ya kwanza tangu 1908. Oakland ya Beane haikufika fainali hata mara moja. Mnunuzi mdogo alivumbua bidhaa, wakubwa wakaingia na kuinunua kwa jumla, na bei ikapanda hadi faida ikatoweka. Wenye maduka wanaifahamu hali hiyo bila kufundishwa na Wamarekani.

Tampa Bay Rays waliona jambo hilo na wakajenga biashara yao juu ya kitu ambacho ni kigumu zaidi kuigwa, yaani moyo wa kuuza. Mwenye klabu, Stuart Sternberg, aliyeshika usukani mwaka 2005, alitoka Goldman Sachs, na Andrew Friedman aliyemkabidhi timu alitoka Bear Stearns. Watu hao walikuwa wamezoea kuachana na hisa wakati bado inapendwa. Julai 2018 klabu ya Pittsburgh ilimtaka mrushaji wao Chris Archer, mtu wa sifa aliyekuwa na mkataba mrefu wa bei nafuu. Friedman alikuwa amekwisha kuondoka wakati huo, lakini desturi ya nyumba ilibaki. Rays walimtoa Archer na kupokea vijana watatu: Tyler Glasnow, Austin Meadows na Shane Baz. Mwaka uliofuata Meadows aliteuliwa katika kikosi cha nyota wa ligi, na mwaka 2020 Glasnow ndiye aliyeanza kurusha katika mchezo wa kwanza wa fainali. Archer aliandamwa na majeraha huko Pittsburgh. Mwaka 2021 Rays walimrudisha nyumbani kwa mkataba wa mwaka mmoja wa dola milioni 6.5.

Ndivyo walivyofanya kwa David Price mwaka 2014 na kwa Blake Snell miezi michache baada ya fainali ya 2020. Shabiki humlilia mchezaji anayempenda, na ana haki. Lakini klabu isiyo na fedha ikingojea hadi mwaka wa sita uishe, mchezaji huondoka bure na ghala hubaki tupu.

Katika njia zote zinazotumika, hii ya Rays ndiyo inayotoa ushindi mwingi kwa kila dola, na ndiyo pekee ambayo mwenye mtaji mdogo anaweza kuifuata bila kujidanganya. Ila isisifiwe kupita ukweli wake. Rays walifika fainali mwaka 2008 na 2020, na mara zote mbili walishindwa. Mchujo ni mfululizo wa michezo mitatu, mitano au saba, na katika michezo michache bahati hupata nafasi kubwa kuliko katika michezo 162 ya msimu. Tena, mwenye desturi ya kuuza kila kilicho bora, siku ya fainali huwa na watu wengi wazuri na wachache mno wa kutisha.

Houston Astros walichukua njia iliyo kinyume kabisa. Waliiacha timu ivunjike. Walipoteza michezo 106 mwaka 2011, 107 mwaka 2012 na 111 mwaka 2013, kwa sababu katika ligi hiyo klabu iliyofanya vibaya ndiyo iliyokuwa ikipewa nafasi ya kwanza kuchagua vijana wapya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Houston iliinama kwelikweli. Mwaka 2017 ilichukua kombe, na washauri wengi wa biashara wakaanza kuhubiri kwamba kubomoa ni hatua ya kwanza ya kujenga.

Tazama hesabu zenyewe. Houston ilikuwa na nafasi ya kwanza miaka mitatu mfululizo. Ya mwaka 2012 ilimleta Carlos Correa, ambaye alikuwa hazina. Ya 2013 ilimleta Mark Appel, ambaye hakupata kuichezea timu yao ya ligi kuu hata mara moja. Ya 2014 ilikwenda kwa Brady Aiken na hawakuelewana naye hata mkataba ukavunjika, ingawa fidia ya nafasi hiyo ndiyo iliyowaletea Alex Bregman mwaka uliofuata. José Altuve, roho ya timu ile, alisajiliwa Venezuela mwaka 2007, kabla ya ubomoaji wowote. Na Verlander, huyu huyu wa Mets, aliletwa usiku wa mwisho wa Agosti 2017 pamoja na mshahara wake mnono. Kushindwa kwa makusudi kulileta sehemu tu ya ushindi ule. Zaidi ya hayo, Januari 2020 ligi ilithibitisha kwamba katika msimu wa 2017 Houston ilitumia kamera kuiba ishara za wapinzani. Klabu ilitozwa faini ya dola milioni 5, ikanyang'anywa nafasi za kuchagua vijana, na meneja mkuu pamoja na kocha wakafukuzwa kazi. Vitabu vya namna hiyo mkaguzi hawezi kuvitia sahihi.

Klabu nyingine ziliiga ubomoaji huo na nyingi zimebaki vifusi hadi leo. Chicago White Sox walipoteza michezo 121 mwaka 2024. Ligi yenyewe imekwisha kuchoka, na tangu mkataba wa 2022 nafasi za kwanza hupangwa kwa bahati nasibu.

Habari kubwa ya miaka hii, lakini, ni Los Angeles Dodgers, mabingwa wa 2020, 2024 na 2025. Lawama inayosikika kila mahali ni kwamba wamenunua makombe. Wamenunua, ndiyo, lakini Mets nao walinunua, tena Desemba 2024 walimsajili Juan Soto kwa dola milioni 765 za miaka 15, na msimu wa 2025 hawakuingia hata katika mchujo. Tofauti ilianza Oktoba 2014, Dodgers walipomwajiri yuleyule Friedman wa Tampa Bay. Walichokipata ni tabia za mnunuzi maskini ndani ya nyumba ya tajiri. Mfano bora ni Max Muncy. Mapema mwaka 2017 aliachwa na Oakland, klabu ileile iliyofundisha dunia kutafuta wasiotakiwa. Dodgers walimwokota kwa mkataba wa ligi ndogo, na mwaka 2018 alipiga mipira 35 nje ya uwanja. Justin Turner naye waliwahi kumchukua kwa njia kama hiyo, kabla hata ya Friedman, baada ya Mets kumwacha.

Fedha hutumika kwa wale wachache ambao hawapatikani kwa njia nyingine. Desemba 2023 Shohei Ohtani alitia sahihi mkataba wa dola milioni 700 kwa miaka 10. Kwa lugha ya wafanyabiashara huo ulikuwa ununuzi wa mali kauli: katika miaka hiyo 10 hupokea dola milioni 2 tu kwa mwaka, na dola milioni 680 zilizobaki zitalipwa kati ya 2034 na 2043, bila riba. Kwa kuwa dola ya mwaka 2040 haina uzito wa dola ya leo, ligi ilikadiria mkataba huo kuwa dola milioni 46 hivi kwa mwaka kwa ajili ya ile kodi, badala ya 70. Mchezaji mwenyewe ndiye aliyeridhia, naye ana kipato kikubwa cha matangazo ya biashara. Lakini deni ni deni, na kuna wengine kadhaa katika timu hiyo wenye mikataba ya kulipwa baadaye. Ikitokea mapato ya televisheni yakapungua katika miaka ya 2030, hapo ndipo itakapojulikana kama Dodgers walikuwa werevu au walikuwa wakila mbegu.

Atlanta Braves, mabingwa wa 2021, nao wana njia yao ya kuwafunga vijana mapema kwa mikataba mirefu. Ozzie Albies alikubali dola milioni 35 kwa miaka 7 mwaka 2019, bei ambayo watu wengi waliiona kuwa ni ya kutupa. Wanatajwa hapa hasa kwa sababu hisa zao huuzwa katika soko la Nasdaq tangu Julai 2023 chini ya kampuni ya Atlanta Braves Holdings. Anayenunua hisa hizo hanunui mabao. Hununua haki za televisheni pamoja na maduka, ofisi na hoteli zilizojengwa kuzunguka uwanja.

Hapo ndipo hesabu ya kombe na hesabu ya mwenye mali zinapoachana njia. Mwaka 2025 Sternberg aliiuza Tampa Bay Rays, klabu isiyopata kutwaa kombe hata moja, kwa bei iliyoripotiwa kuwa dola bilioni 1.7. Kwake yeye kabati tupu halikuwa hasara.

Oakland ndiyo iliyoonyesha upande mchungu wa jambo hilo. Mbinu ya kushinda kwa fedha kidogo ilizoeleka hadi ikageuka kuwa tabia ya kutotoa fedha kabisa. Mwaka 2023 klabu hiyo, kwa mishahara iliyokuwa midogo kuliko ya klabu zote, ilishinda michezo 50 na kupoteza 112. Wachezaji waliokuzwa vizuri walikuwa wamekwisha kuuzwa mmoja baada ya mwingine, na mwenye klabu alikuwa akitafuta uwanja mpya Las Vegas. Tarehe 26 Septemba 2024 timu ilicheza mchezo wake wa mwisho Oakland baada ya kukaa hapo tangu 1968. Watu 46,889 walijaza uwanja. Athletics waliwafunga Texas Rangers 3 kwa 2, na msimu uliofuata wakahamia Sacramento, katika uwanja wa timu ya ligi ndogo.